Meno ya Mama kwenye Udongo wa Baba

Nyumbani kwetu Bunia, miaka ya themanini, kila Ramadhani magharibi iliingia mara mbili. Mama, Msuni, alifungua saumu mara tu adhana iliposikika. Baba, aliyeupokea Ushia kwa mfanyabiashara mmoja wa Kisangani, alisubiri mpaka wekundu wa mbinguni upotee, huku uji wake ukipoa. Mama alimtania kwamba malaika wake ni wavivu. Katika kusali, mama alikunja mikono kifuani; baba aliiachia ubavuni, na alisujudu juu ya kipande cha udongo mkavu. Sisi watoto tulisali kila mmoja alivyopenda, na hakuna aliyechapwa.

Siku moja, Ramadhani ikiwa imekwisha, baba akiwa soko la Ariwara kununua vitenge, wazee watatu wa msikiti walibisha hodi. Walijua hayupo. Hilo linaniudhi hadi leo. Walikunywa chai ya mama kwanza, ndipo mkubwa wao akasema:

"Mama, bwana yako anaabudu udongo. Ndoa imeisha kuvunjika. Funga vitu, urudi kwenu Niania. Watoto, siye tutawaangalia."

Nilikuwa na miaka kumi. Nilishika kitenge cha mama kwa mikono yote miwili, nikaogopa kuliko siku zote. Yeye alikuwa na mimba ya miezi saba, na wajawazito wa kwetu, nani asiyejua, hutafuna udongo wa sokoni. Akainuka, akachukua kile kipande kwenye mkeka wa baba, akakiuma pembeni, akatafuna taratibu mbele yao.

"Ni udongo tu," akasema. "Kama ilikuwa mungu, nimeisha kumukula. Bwana yangu iko anasujudia Mungu moja na mimi. Mumalize chai, wazee, mukwende."

Waliondoka bila kuaga. Mama akakirudisha upesi mkekani, maana udongo ule ulitoka Karbala, mji mtakatifu wa Mashia, na baba hakuruhusu hata tuuguse.

Baba aliporudi alikigeuzageuza kile kipande, akauliza ni panya gani huyo. Mama akamweleza yote. Baba akatawadha, akaweka paji la uso palepale penye alama ya meno. Miaka ya baadaye aliletewa kipande kipya, akakikataa.

Mimi nakunja mikono, kama mama. Kipande ninacho kabatini. Anayetaka kuniambia kwamba baba yangu hakuwa Mwislamu, na aje. Nitamwonyesha meno ya mama.