Maroc ya Aganze

Bugali wa jana, yaani ugali wetu, ukivunjwavunjwa kwa vidole na kutiwa kwenye siagi pamoja na kitunguu hutoa harufu nisiyojua niifananishe na nini. Kuna uchachu kidogo wa muhogo, kuna utamu wa kitunguu kinachoanza kuungua pembeni. Juzi harufu hiyo ilitoka dirishani kwa majirani hapa Nyalukemba, nami nikaacha kukunja nguo, nikasimama katikati ya chumba nikiwa na wivu. Ndiyo, wivu. Wapo watu ambao harufu ya chakula huwarudishia furaha za utotoni. Mimi hunirudishia sahani ndogo ya bati yenye ukingo wa bluu, ambayo haikuwa yangu.

Ilikuwa ya Aganze, mdogo wangu. Alipokuwa na miaka sita, malaria ilimlaza hospitalini, kisha ikamwacha, lakini haikumrudishia hamu ya kula. Alikaa kwenye mkeka, mgongo umeegemea mto, shingo nyembamba kama ya kifaranga, akifunga mdomo kila kijiko kilipomkaribia. Daktari alikuwa amemwambia maman, "Sindano zimeisha kazi yake. Sasa dawa yenye imebakia iko chakula. Asipokula, mutarudi huku."  Maman alimfunga Aganze mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa mno kwa kubebwa, akapanda naye kilima hadi nyumbani bila kupumzika.

Kabla ya kuolewa, maman aliwahi kupika kwa masista wa kigeni. Kila sista alikuwa na nchi yake, na kila mmoja, akishikwa na huzuni, alitamani chakula cha kwao. Hivyo maman, ambaye hakuwahi kufika mbali kupita Minova, alijifunza vyakula vya nusu ya dunia. Sisi hatukuwahi kuvionja. Kwetu kulikuwa na bugali na lengalenga, mchicha wetu, bugali na maharage, na Jumapili bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwa letu. Lakini Aganze alipenda mpira wa miguu kupita kitu chochote. Siku moja maman aliweka ile sahani ya bluu mbele yake na kusema, kana kwamba anaongea na ukuta:

"Iyi ndiyo bachezaji ba Italie banakulaka mbele ya kucheza."

Aganze alifungua jicho moja. Kisha akafungua mdomo.

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Ilikuja Italia, tambi zilizozama kwenye nyanya, na juu yake mashanza, jibini letu la Washi, lililokwanguliwa na kuyeyuka. Ikaja Hispania, mayai na viazi vilivyoshikana kama keki. Ikaja Japani, vitonge vya wali, kila kimoja kimelaliwa na sambaza. Nilikuwa na miaka tisa, na ni mimi niliyemenya vitunguu, niliyepepea makaa, niliyeosha ile sahani. Harufu zote zilipita puani mwangu zikienda kwa mtu mwingine. Nilimtazama Aganze akitafuna polepole kama mfalme aliyechoka, na maman amekaa mbele yake, macho hayabanduki mdomoni mwake, nikatamani malaria kwa moyo wangu wote.

Nikajaribu. Asubuhi moja nililala nimeshika tumbo, nikilia kwamba sina hamu ya kitu chochote, labda ya Italia kidogo. Maman aliweka mgongo wa mkono kwenye paji la uso wangu, akatoka, akarudi na dawa ya minyoo.

"Kunywa. Kisha inuka, twende kuchota maji."

Aganze alicheka mpaka akakohoa. Kicheko kile sijakisamehe kabisa.

Kisha mvua zikaikata barabara ya Sange, na mchele unaotoka tambarare ya huko ukaadimika sokoni. Tambi hazikuonekana tena, mayai yakawa ya kutazamwa tu. Nawaambia ukweli, nilifurahi: nilidhani sasa dunia imefungwa, tutakula sawa. Lakini nchi zilizidi kuja. Ikaja Brazili. Ikaja Ureno. Siku moja ikatangazwa Moroko. Nikawa na hakika kwamba maman ana chakula alichokificha mahali fulani, na kwamba anayefichwa ni mimi.

Alipotoka kwenda kuomba chumvi kwa jirani, nilifunua sufuria. Ndani kulikuwa na punje laini zinazong'aa kwa siagi, na karoti zilizokatwa kama nyota. Nikachota. Nikatafuna. Nikatafuna tena, kwa sababu sikuamini. Ulikuwa bugali. Bugali wetu wa jana, ule nilioula mpaka nikauchoka.

Furaha ya mwenye wivu anapopata silaha, mnaijua? Nilikwenda mbio mpaka kwenye mkeka.

"Aganze! Iyi si Maroc. Iko bugali ya jana. Maman anakudanganya!"

Hakushtuka. "Sema polepole," alisema. "Najua, yaya," akaniita kama wadogo wanavyowaita wakubwa wao.

"Unajua nini?"

"Iko bugali. Na Brésil ilikuwa maharagi yetu. Na Portugal ilikuwa lengalenga."

"Sasa unakula juu ya nini?"

Alitazama mlangoni kwanza. "Juu mi nikikula, maman naye anakula. Nikikataa, anasukuma sahani yake pembeni. Weye haukuonaka?"

Sikuwa nimeona. Siku zote zile macho yangu yalikaa kwenye sahani ya bluu, na sahani ya maman, iliyokuwa karibu na goti langu, sikuitazama hata mara moja. Wala sikuona jinsi kitenge chake kilivyoanza kumzunguka kupita kawaida kwa kukonda.

Maman alirudi, akatia chumvi, akapakua. Aganze akameza kijiko cha kwanza, akasema kwa sauti, "Maroc iko mutamu kushinda Italie!" Maman akavuta sahani yake. Neno moja lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, na lingetosha kumfanya aisukume tena. Nililimeza. Wivu, lakini, haukumezeka pamoja nalo, nikauliza:

"Na mi, maman? Mi niko inchi gani?"

Alinitazama kama mtu aliyesahau kwamba nipo, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu hospitali.

"Weye? Weye uko Congo, mutoto yangu. Congo inakulaka yote bila kubembelezwa."

Jibu hilo nililichukia kwa miaka. Niliona amenigawia kilichobaki. Nilipopata mtoto wangu mwenyewe, na kumwona akifunga mdomo mbele ya kijiko, ndipo nilipojua kilichokuwa kwenye ile sahani. Maman alikuwa akipika hofu yake, akiipa jina la nchi moja baada ya nyingine ili mtoto asiitambue. Na mtoto aliitambua, akaila. Mimi niliachiwa bugali usio na jina kwa sababu hakuna aliyeogopa kunipoteza. Niliionea wivu hofu.

Sasa Aganze ana mabega mapana na anakula kila kitu. Akija Jumapili, maman bado huitazama sahani ya mwanawe kwanza, na kitu bado huniuma, kidogo, mahali palepale. Lakini mimi hutazama ya maman. Aganze huanza kula, maman huvuta sahani yake, nami hungoja mpaka tonge la kwanza limeingia mdomoni mwake, ndipo nanyoosha mkono.