Mbuzi Aliyeokoa Somo Langu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Idara ya Falsafa alinipeleka kantini ya chuo, kule Temeke, akaniagizia supu ya mbuzi na chapati mbili. Ndivyo mwalimu mgeni alivyokuwa akipokelewa. Nikamweleza kwamba sili nyama, samaki, mayai wala maziwa, na kwamba mambo hayo ndiyo niliyokuja kuyafundisha. Akalivuta bakuli langu upande wake bila kinyongo chochote.

Somo lenyewe lilikuwa maadili kuhusu wanyama. Msingi wake tunauita hadhi ya kimaadili, yaani kustahili kufikiriwa kabla hujatendewa jambo. Niliwauliza wanafunzi: kama mbuzi anaumia kama sisi, kutoweza kusema kunampunguzia nini? Walijenga hoja, nyingine kali kweli, kisha kipindi kikiisha wanatoka mbio kuwahi mishikaki.

Walimu wenzangu walidhani nimekatazwa na daktari, wengine wakasema ni kanisa. Mama wa kantini alinionea huruma akawa ananifichia dagaa chini ya mchicha, na nilipolalamika akasema dagaa si nyama. Nilimfundisha naye miaka mingi, na dagaa wakaendelea kuja.

Aliyeninyima raha hasa ni Mkuu wa Chuo, mpenda nyama asiyejificha. Aliliona somo langu ni la kupoteza muda.

"Mwalimu," aliniambia ofisini kwake, "siku nikikuona unatafuna mnofu, hili somo nalifuta jioni hiyo hiyo."

Tangu hapo hapakuwa na hafla ambayo hakuichungulia sahani yangu. Nami nililipenda lile somo, nililianzisha kwa jasho langu, na sikutaka life.

Umri wa kustaafu ukafika. Kamati ya kuniaga, kwa upendo wote, ikapanga ndafu, yule mbuzi anayechomwa mzima na kusimamishwa mezani na majani mdomoni. Anayeagwa hulishwa pande la kwanza na bosi wake, watu wakipiga picha. Nikikataa, nimewaaibisha waliochanga. Nikila, somo limekwisha. Siku ya hafla Mkuu wa Chuo alikuwa anatabasamu tangu asubuhi.

Wakati wa chai, mbele ya walimu wote, akaniuliza, kama ilivyokuwa kawaida yetu, ningependa kuondoka na zawadi gani. Kamati ilishajiandaa kwa friji. Mie nikanyoosha kidole dirishani, ambako mbuzi wa ndafu alikuwa amefungwa akisubiri mchinjaji.

"Naomba yule," nikasema. "Akiwa hai, na kamba yake."

Pale kwetu mstaafu hanyimwi zawadi aliyoitaja. Jioni wapishi wakasimamisha tikiti maji kubwa mezani, wakalizungushia majani, na Mkuu wa Chuo akanilisha pande lake kwa uma huku amenuna. Somo linafundishwa hadi leo.

Sasa naishi Chanika na mbuzi huyo. Nimempa jina la Pingamizi, ambalo katika fani yetu ni hoja inayoibomoa ya kwako, kwa sababu amemaliza mchicha wangu, matembele na majani ya maboga, yaani chakula changu chote. Nimemkimbiza na fagio mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa taaluma yangu.

Mkuu wa Chuo naye kastaafu. Mara ya kwanza alikuja kunicheka. Akarudi tena, safari hii na mafungu ya mboga kutoka Buguruni, ya Pingamizi, si yangu. Juzi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mbuzi kamwekea kidevu gotini, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, supu ya mbuzi imenishinda. Naiangalia tu."

Nilifurahi karibu nilie. Miaka yote ile ya hoja, na huyu ndiye mtu pekee aliyeacha kitu. Nikamuuliza, na ng'ombe je?

"Ah, ng'ombe naendelea naye," akasema, akimkuna Pingamizi sikioni. "Na ng'ombe hatujajuana."

Nimeanza kuulizia ndama.