Mikono ya Khahliso

Kwa miaka mingi, mtu wa kijiji cha Ha Ramatla aliyetaka sweta la kumvusha kipupwe alipanda kilima hadi kwa Maseabata. Kondoo walikuwa wa mumewe, lakini sufu ikishakatwa ilikuwa mali yake. Aliiosha, akaichambua, akaisokota, akaifuma, na mkono wake ulijulikana hata ng'ambo ya mto.

Mwaka ule, mwezi wa Aprili, pichi zikiwa zimeiva hadi zinaanguka zenyewe, mumewe Rapitso aliteremka na kondoo kutoka malisho ya juu. Kichwani alivaa kofia ya sufu ambayo Maseabata hakuifuma.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kanipa Khahliso siku naondoka. Nakwambia, kule juu maji yanaganda ndooni, mimi masikio yanachemka! Huyu binti yako kakupita, mke wangu."

Akacheka, akaingia zizini kuhesabu kondoo wake. Hakujua alichokisema.

Alipoivua kofia ili ale, Maseabata aliichukua, akaigeuza ndani nje akitafuta kosa. Mishono ilikaa kama punje za mahindi kwenye gunzi. Roho ikamuuma. Mtu kumwonea wivu jirani ni jambo la kawaida, hata mke mwenza, nani atashangaa? Lakini mtoto wako wa kumzaa, uliyemshika vidole ukamfundisha kufuma? Hilo utamwambia nani?

Wiki hiyohiyo akaja Mathabang, mke wa chifu, blanketi lake limebanwa begani kwa pini kubwa. Maseabata alikuwa uani na jirani yake Nthofeela, wanamenya pichi.

"Nataka sweta la mzee," alisema Mathabang. "Nimeiona kofia ya Rapitso kwenye karamu ya pombe. Binti yupo?"

"Mimi nipo, mama."

"Wewe una pichi zako. Pumzika, mwachie mtoto."

Pumzika! Kana kwamba keshakuwa bibi wa kuota jua. Mathabang alipoingia ndani kumtafuta Khahliso, Nthofeela alicheka hadi kisu kikamponyoka.

"Chema chajiuza, shoga yangu! Kibaya kitajitembeza."

"Menya pichi, Nthofeela. Mdomo wako haumenyi."

Tangu siku ile Maseabata akawa mtu mwingine. Alipogawa sufu, ya mabegani mwa kondoo, laini na ndefu, akaificha kwenye gunia lake. Khahliso akapewa ya tumboni, fupi, imejaa miiba. Tena akamrundikia kazi za pichi: kupasua, kutoa kokwa, kuzianika juu ya bati, kuchemsha sukari, kujaza chupa, kukaza vifuniko. Vidole vya binti vikawa vyeusi kwa utomvu, vimechanika kwa kisu.

"Sweta la chifu litasubiri," mama alisema. "Pichi hazisubiri."

"Ndiyo, mama."

Hiyo "ndiyo, mama" ndiyo iliyomchoma zaidi. Angekuwa mkaidi, mama angepata la kumgombeza.

Yeye naye akaanza sweta la chifu, kimyakimya, kwa sufu ile nzuri. Alifuma kwa hasira. Na kila Khahliso alipokwenda kisimani, mama aliinuka akachungulia kapu lake. Siku moja akakuta mkono wa kwanza wa sweta umekamilika, umenyooka. Hakufikiri. Akachomoa sindano, akavuta uzi, mishono ikakimbia hadi kwenye kiwiko.

Khahliso aliporudi, alitua ndoo, akaliangalia lile fundo la nyuzi.

"Labda ni paka," mama alisema.

"Paka wa nani, mama?"

Hawakuwa na paka. Maseabata akajitia kukoroga sufuria. Binti akaketi, akakunja uzi, akaanza upya.

Umande ulipoanza kuganda asubuhi, Mathabang alirudi. Alikuta masweta mawili yamekunjwa juu ya meza, na Nthofeela amejipatia sababu ya kuwapo. Akayakunjua yote mawili, akayapapasa, akalipeleka moja mlangoni penye mwanga.

"Sasa hapa ndipo unapoonekana mkono wa mtu mzima!" alisema. "Maseabata, nisamehe. Binti anajitahidi, lakini hili la kwako ni jingine kabisa."

Lilikuwa la Khahliso.

Maseabata alimtazama binti yake. Khahliso aliinamisha macho, akasema taratibu, "Mama ndiye fundi. Mimi bado najifunza."

Basi sifa aliyoililia msimu mzima ndiyo hiyo, ameletewa mkononi, na hakuna wa kumpinga. Akafungua kinywa apokee. Akaviona vidole vya binti, bado vyeusi kwa utomvu.

"Ni lake," alisema. Sauti ilitoka kali kuliko alivyotaka. "Hilo ni la Khahliso. Na kalifuma kwa sufu ya tumboni, kwa sababu nzuri nilimnyima."

Mathabang alikohoa, akalikunja sweta, akamshukuru Khahliso, akaondoka bila kukaa kunywa chai.

"Ungenyamaza tu, mama," binti alisema walipobaki wawili.

"Na ule mkono ni mimi niliyeufumua."

"Najua."

Siku ya pili Maseabata alimwaga gunia lake lote la sufu ya mabegani miguuni pa binti, akavuta kigoda. "Haya, nionyeshe unavyoliunga bega." Khahliso akamwonyesha polepole, na mama akafuata, wivu ukimtafuna hata alipokuwa akijifunza.

Sweta la pili, la Maseabata, akapewa Rapitso. Alilivaa, na safari hii hakulinganisha mke na binti.

Siku hizi wanaopanda kilima humuulizia Khahliso. "Yuko ndani," Maseabata huwajibu, na kila mara humuuma. Huwafungulia mlango hivyohivyo.