Blanketi ya Kogo na Iguana Wangu

Kuna watu pale Kaplong ambao hadi leo wakikutana na mimi sokoni hawaniulizi habari ya watoto wala ya majani chai, wananiuliza kama nimekuja na blanketi, halafu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi nacheka nao kwa sababu nitafanya nini? Aibu yenyewe nilijitafutia. Wacha niwaambie ilivyokuwa, na msinikatize, maana hata mume wangu hajui kuisimulia vizuri (yeye huanzia mwisho).

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi ni msichana wa kupiga taipu katika ofisi ya shamba moja la chai huko Kericho, viatu vya kisigino, nywele nimechoma kwa chanuo la moto, najiona. Mzungu mmoja wa hapo alikuwa anarudi kwao, akaita wafanyakazi waje wachague vitu vya nyumba. Mimi nilikuwa saluni. Kufika, friji imeenda, makochi yameenda, hata pazia zimeng'olewa, kumebaki vijiti vya gofu na iguana. Kama hujawahi kuona iguana, ni mjusi mkubwa wa kijani, huyu alikuwa mrefu kama mkono wangu ukihesabu na mkia, ana miba laini mgongoni na ngozi inayoning'inia shingoni. Awino, rafiki yangu tuliyekuwa tukikaa chumba kimoja, mtu wa kule kando ya ziwa, akaniambia, "Chukua vijiti, tutasongea ugali." Angenyamaza hapo ningechukua vijiti. Lakini akaongeza, "Hiyo ingine huwezi," na mimi nikiambiwa siwezi, basi, kwisha maneno, nikambeba.

Nikamwita Meneja kwa sababu alikuwa anakuangalia na jicho moja, kimya, mpaka unaanza kujiuliza umekosea wapi. Siku hizo hakukuwa na mahali pa kuuliza iguana anatunzwaje. Mzungu aliniambia tu mambo mawili akipanda gari: majani, na joto. Majani hayakunisumbua, Meneja alikula sukuma wiki, akala mboga za managu, na ukimletea lile ua jekundu la haibiskasi la kwenye fensi ya ofisi alikuja mbio mdomo wazi. Shida ilikuwa joto. Kericho mnaijua, mvua kila alasiri, baridi ya kuingia kwa mifupa, na Meneja akishikwa na baridi alikuwa anageuka rangi ya majivu na kukauka kabisa (mara ya kwanza Awino alishaenda kutafuta jembe tumzike). Nikajifunza kumwekea balbu ndani ya katoni, na Jumapili tukitoka kanisani namwanika juani. Nilimpenda, sitadanganya. Nikirudi kazini nimechoka, ananipanda tumboni kutafuta joto, tunalala wote wawili.

Sasa Kiprono, mwalimu kijana wa Mulot niliyekuwa nampenda kuliko mshahara, akasema watu wao wanakuja kwetu kuniposa. Na hapo ndipo shida ilianza, kwa sababu katika ukoo wao neno la mwisho lilikuwa la nyanya yake, Kogo, kama sisi Wakipsigis tunavyoita nyanya. Baba akubali, wajomba wakubali, Kogo akitikisa kichwa mnarudi nyumbani. Walipoenda kumposea kaka yake Kiprono, mnyama fulani alitoka kwa lango la wale watu akakatiza njia, Kogo akasema tugeuke, na wakageuka, chai ya watu ikabaki kwa thermosi. Yule kaka hakumpata yule msichana. Kwa hivyo nilijua kabisa, mama huyu akikataa, Kiprono simpati.

Mtu mwenye akili angemwacha Meneja Kericho. Nilimwomba Awino akae naye wikendi hiyo moja tu, akaniambia, "Ukiniacha na huyu, Jumatatu utanikuta Kisumu." Nikasema ah, si nitaenda naye tu, nimfiche jikoni, nani atajua? Nikamtia kwa kikapu, nikamfunika na leso, huyo nyumbani Kaplong.

Kwetu hakukuwa na stima, na siku hiyo ilinyesha mvua ya mawe. Meneja akawa majivu. Nikaweka kikapu chake jikoni kando ya moto, na kumbe hapo hapo, juu ya kigoda, mama alikuwa ameweka blanketi mpya aliyomnunulia Kogo, nzito, imekunjwa, ipate joto itoke unyevu, maana kwetu mgeni mzee kama huyo unamvisha kitu mabegani aondoke akijua ameheshimiwa. Halafu wageni wakafika mapema. Mbio huku, mbio kule, "lete vikombe!", "mursik iko wapi?" (maziwa yetu ya kuganda ya kibuyuni), na mama akanipigia kelele, "Leta blanketi wewe!" Nikaibeba. Niliona ni nzito, tena nikasimama nikajiambia, aki mama amejitahidi, hii ni blanketi ya maana!

Mama akamvisha Kogo vile vile ikiwa imekunjwa, watu wakapiga vigelegele, na pasta wetu, aliyekuwa amealikwa, akasema tufunge macho tubariki zawadi. Huyo pasta akianza kuomba umeenda. Aliombea ndoa, akaombea ng'ombe, akaombea bei ya majani chai, akaingia serikalini. Mimi nikafungua jicho moja kidogo tu nimwone Kiprono, na badala yake nikaona mkia wa kijani ukining'inia kando ya sikio la Kogo.

Woi! Ningefanya nini? Kupiga kelele katikati ya maombi? Meneja alishapata joto, anatoka pole pole, sasa kichwa kiko begani kwa Kogo kinaangalia watu kama anahesabu nani hajaja kazini. Mezani kulikuwa na maua kwa glasi, haibiskasi, nilichuma mwenyewe asubuhi. Nikachomoa moja, nikapiga magoti, nikatambaa na gauni langu jipya katikati ya miguu ya wazee mpaka mbele ya Kogo, nikanyoosha mkono, nikaanza kunong'ona, "Kuja Meneja, kuja baba." Pasta akasema "Amina."

Watu wote wakafungua macho, wakaniona nimepiga magoti napepea ua mbele ya pua ya Kogo, nikimwita baba, na mjusi wa kijani akikaza macho begani kwake. Pasta alipanda kochi na viatu. Mjomba wangu alipitia dirishani, na mlango ulikuwa wazi. Mursik ilimwagika yote, mama akajishika kichwa analia, "Chepkoech umeniua!" na baba yake Kiprono akachukua kofia yake akasema kwa sauti ya chini, "Tuondoke." Nilimwangalia Kiprono nikaanza kulia pale pale sakafuni.

Kogo peke yake hakusonga. "Nyamazeni," akasema, "mnamwogopesha." Akachukua lile ua mkononi mwangu, akalishika, na Meneja akashuka mpaka mapajani mwake akalitafuna lote. Kisha Kogo akasema, "Nilifikiri ni blanketi za siku hizi zina joto lake."

Baba yake Kiprono akamkumbusha, kwa heshima, "Mama, kwa wale wengine si ulitugeuza kwa sababu ya mnyama?"

"Yule alikuwa anatoroka ile nyumba," Kogo akasema. "Huyu amekuja kwangu. Kaa chini tuongee mahari."

Mimi nikapangusa machozi, nikanyoosha mikono nimchukue Meneja wangu. Kogo akanichapa kofi mkononi, pa! "Umenipa blanketi na kilicho ndani. Unanyang'anya mgeni zawadi?" Na ndivyo Meneja alivyoenda Mulot kabla yangu, kwenye jua, akanenepa, akawa analala kwa blanketi ile ile. Nilipofika huko nikiwa bibi arusi, Kogo alinisalimia wa pili, baada ya Meneja.

Kwa hivyo mkiona nakung'uta zawadi mlangoni kabla ya kumpa mtu, hata kama ni kitambaa cha meza, niacheni nikung'ute. Siwezi kupoteza mnyama mwingine kwa wakwe.