Nyuki Ndani ya Waifai ya Kwihara

Saa nne asubuhi, kijijini Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, Leonia Kasanda yuko juu ya ngazi anatukana. Matusi ya Kiswahili gazeti hili haliwezi kuyachapa. Ya Kinyamwezi ni matamu zaidi, lakini nayo tuyaache.

Jicho lake moja limevimba hadi limefumba. Mbele yake kuna sanduku la mbao, na nyuki wanatoka humo wakiyumba kwa moshi wa matambara aliyoyawasha.

"Wiki tatu naitwa mwizi," anafoka. "Kumbe humu kuna wapangaji!"

Leonia ni fundi wa mtandao kutoka Isevya, mjini Tabora. Hapa Kwihara mtandao wa waifai unatoka shuleni na kuchoka njiani kabla ya kufika zahanati. Akasimamisha nguzo katikati, akafunga ripita, kifaa kinachoudaka mtandao na kuusukuma mbele.

"Wengi huifunga pale mtandao ulipokwisha kufa," anasema. "Sasa maiti utaisukuma iende wapi? Ifunge pale mtandao ungali na pumzi."

Juu aliweka paneli ya jua. Ripita akaikinga mvua kwa sanduku la mbao, maana bati huzuia mawimbi.

Mtandao ukafika. Eustadia, mkunga wa zahanati, akaacha kupanda kichuguu kila anapotaka kuita gari la wagonjwa. Kisha siku moja ukakatika kabisa.

Aliyepiga kelele kuliko wote ni Mzee Anton, mfugaji nyuki. Kijiji kimeuziwa sanduku tupu, alisema, na nguzo ing'olewe. Mkutano ukapangwa ufanyike leo mchana. Watu wa kijiji cha Goweko, waliokwisha kumwita Leonia akawafungie na wao, wakamwambia asubiri kwanza wasikie Kwihara wataamua nini.

Ndiyo maana amepanda mwenyewe asubuhi hii. Anashuka na kifuniko cha sanduku, anakinusa, anakikwaruza kwa ukucha. Nta. Imepakwa kwa mkono, kama mfugaji anavyoupaka mzinga mpya ili nyuki wavutike.

Mzee Anton amesimama chini ya ngazi. Leo shikamoo hapewi.

"Babu, nani kapaka nta hapa?"

Mzee anaangalia kandambili zake. "Mimi, mjukuu wangu. Nilipita kabla sijaambiwa ni nguzo ya mtandao, nikaona mzinga mzuri umetundikwa mkavu. Nikasema mwenyewe kasahau, nimsaidie."

"Mzinga wenye paneli ya jua, babu?"

"Nilidhani ndiyo ufugaji wa kisasa."

Eustadia anacheka hadi anakaa chini. Leonia hacheki.

"Pole, mjukuu wangu."

"Pole sitaki. Watoto wangu wameulizwa shuleni kama mama yao ni tapeli. Kaseme mkutanoni."

Mchana, Mzee Anton anasimama mbele ya watu na kunong'ona.

"Sauti!" Leonia anamkata. "Uliponiita mwizi ulisikika hadi mjini!"

Anarudia, safari hii mpaka walio nyuma wanageuka kutazamana. Nguzo inabaki; ripita iliyokuwa imezibwa na masega imeshasafishwa, na mtandao umerudi. Asali iliyotoka sandukuni ilijaza ndoo ndogo, na Leonia ameibeba bila kumwomba mtu ruhusa.

Kabla ya mvua anataka Goweko wawe hewani. Kila sanduku ataliandika kwa rangi nyekundu: SI MZINGA.

"Nyuki si hawajui kusoma, dada?" anauliza Eustadia.

"Kwani nawaandikia nyuki?"