Kingamwili iliyokataa kuganda, na safari yake kwenye mfuko wa shati langu

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi huwa nasoma tu humu, lakini hili limenikaa kifuani tangu wiki iliyopita. Nalisimulia lilivyokuwa, hata pale linaponiaibisha.

Nina digrii ya baiolojia, nipo nyumbani Kyela, najitolea kwenye kituo kidogo cha utafiti karibu na ziwa. Bosi wangu ni dada Tusekile, anasomea uzamivu. Anachunguza nyama ya mbasa, samaki wetu wa Ziwa Nyasa, ajue seli zake zinavyotengeneza nguvu.

Kwa wasiojua: ndani ya seli kuna mitochondria, ndiyo majiko yake. Kuna protini inayokaa humo tu. Ili uione unahitaji kingamwili, kimiminika kinachoitafuta protini hiyo na kuing'ang'ania.

Ukiita "Tusekile" sokoni Kyela watageuka wengi. Kingamwili nzuri ikiita, anageuka mmoja.

Yetu ilibaki kichupa kimoja tu, kilichoagizwa nje na kusubiriwa mpaka tukachoka. Kikiharibika, utafiti wa dada unasimama.

Basi akaenda Ikombe kwa mtumbwi kuchukua samaki, akaondoka na boksi letu la barafu. Mimi nikaachiwa friza nilinde, maana umeme ulikuwa unakatikakatika.

Asubuhi ile ukungu ulilalia mashamba ya mpunga, milima ikaelea kama haina miguu. Nikafungua friza. Kila kitu kimeganda. Nikakiinamisha kichupa: kilichomo kikatembea taratibu, kama asali.

Wakuu, kichwa changu hakijui kutulia. Nikajiambia friza inakufa, na kingamwili inakufa nayo. Ikombe simu haishiki.

Nikakifunga kichupa kwa leso, nikakitia mfuko wa shati, upande wa moyo, nikapanda bodaboda hadi kwa shangazi Tumpe mjini, anayeuza barafu. Ukungu ulishapotea, jua linawaka. Njia nzima nilihisi nimebeba kitu kinachopumua.

Friza ya shangazi inagandisha hadi mawe. Nikakilaza katikati ya vifuko vya barafu, nikawa nachungulia kila baada ya muda.

Shangazi akanitazama weee, mwisho akasema, "Mwanangu, umesoma miaka yote hiyo uje kulinda maji yasiyoganda?"

Hadi kesho yake hayakuganda.

Dada aliporudi nilimweleza yote kabla hajatua mzigo. Akakaa kwenye ndoo. Akanieleza kwamba imechanganywa na gliseroli makusudi isigande, kwa sababu kuganda na kuyeyuka ndiko kunakoiua. Kinachofuata kwa ubaya ni joto, kama lile la mfuko wa shati langu.

"Kwa hiyo wewe ukikuta mtoto hajalia," akasema, "unamfinya ili ujue ni mzima?"

Tukaifuata kingamwili kwa shangazi tukiwa na boksi la barafu, tukafanya kipimo kwa sampuli alizokuwa nazo.

Mwisho tukaingia stoo, madirisha tumeyaziba kwa kitambaa cheusi. Akadondoshea karatasi ya kipimo dawa ya kung'arisha, inayowaka pale tu kingamwili nzima iliposhika protini yake. Giza tupu. Nilisikia pumzi yake, na ziwa kwa mbali.

Kisha mstari mmoja wa buluu ukaja, hafifu. Ukaja mwingine, na mwingine, kama karabai za wavuvi wa usipa, dagaa wetu, ukizitazama kutoka Matema, huwezi kujua ziko majini au angani.

Pembeni, mahali ambapo hapakutakiwa kuwaka kitu, hapakuwaka.

"Ndaga Kyala," dada akanong'ona. Asante Mungu.

Tulipotoka nilijua nitafukuzwa. Akanipa kichupa mkononi. "Karudishe."

Nikakirudisha. Nikafunga mlango wa friza, nikaenda kuosha vyombo. Sikurudi kuchungulia.

Nilichojifunza: hofu ikikuambia uokoe kitu, kwanza muulize mwenye kukijua. Kama hapatikani, usikiguse.

Wenzangu wenye vichwa visivyolala, ninyi mliwahi kuokoa nini kisichohitaji kuokolewa? Nawasoma.