Nilimwibia Rafiki Yangu Mapumziko

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Najua wapo mtakaosema ni mambo ya utoto, mbio tu za shuleni. Hata mimi nimejiambia hivyo kwa miaka kumi na mitano. Someni kwanza, kisha mniseme mtakavyo.

Nilisoma sekondari moja huku Shinyanga, upande wa Ibadakuli, ndege zikishuka tunaziona tukiwa darasani. Nilicheza mpira wa mikono, winga wa kushoto. Rafiki yangu, ambaye hapa nitamwita Minza, naye alikuwa winga wa kushoto. Tulikula sahani moja, tulilala kitanda kimoja cha juu na chini. Nafasi kwenye timu ya mkoa ilikuwa moja.

Mwalimu wa michezo akatuletea zoezi jipya la kutafuta pumzi. Mnakimbia wawili wawili. Mmoja anazunguka madarasa kwa kasi yake yote, mwenzake anasubiri. Akirudi anamgusa mkono, wa pili anachomoka. Mara nane kila mtu. Mapumziko yako ni ule muda mwenzako yuko mbioni, basi. Tulikimbia kwa zamu, jozi moja moja, na mimi nilipangwa na Minza.

Siku ya kwanza nilishikwa na kichomi. Nilipofika nyuma ya jiko la shule, ambako mwalimu haoni, nikapenya katikati ya jiko na stoo, nikayaacha madarasa mawili ya mwisho bila kuyazunguka. Mpishi peke yake ndiye aliyeniona. Akacheka, akaendelea kuchambua maharage.

Siku ya pili sikuwa na kichomi. Nilipenya kwa uvivu tu.

Siku ya tatu nikagundua kitu. Mimi nikiwahi kurudi, Minza anaondoka hajapumzika. Yeye, maskini, anazunguka yote, kwa hiyo mimi napumzika vizuri kabisa. Ilipofika mara ya tano alikuwa ameinama, mikono magotini, anahema kama kuku aliyeshinda juani. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kuanzia siku hiyo haukuwa uvivu tena.

"Minza, pumzi huna," mwalimu alimwambia mbele ya timu nzima. "Mnafanya zoezi lilelile, mwangalie mwenzako alivyo."

Nami nilisimama pale nimeshika kiuno, nikakubali kusifiwa.

Nikachaguliwa mimi. Huko kwenye mashindano, kipindi cha pili hakijafika katikati nikawa hoi, miguu haiendi. Wakanitoa na sikurudishwa tena uwanjani. Niliporudi bwenini Minza alikuwa amenitunzia viazi.

"Pole shoga," akaniambia. "Ingekuwa mimi, ningeanguka hata kabla ya hapo."

Nilivila vile viazi, jamani. Nilivila vyote na sikusema neno.

Minza hakucheza tena. Tukamaliza shule, tukapotezana.

Sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kahama, na kama kunikomoa, ndimi mwalimu wa michezo. Mwaka huu kuna binti wa darasa la tano. Wakicheza wenyewe wakati wa mapumziko anawaacha wote, lakini nikianza mazoezi anakwenda kukaa pembeni. Nikamwita mzazi. Akaja Minza.

"Mwangaluka, madamu," akanitania kwa salamu ya Kisukuma, tukakumbatiana, tukacheka sana. Kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu usimkimbize, shoga yangu. Kifua chetu unakijua."

Akavuta ukosi wa gauni kunionyesha chale tatu kifuani. Bibi yake alimchanja likizo iliyofuata mashindano yale, akampaka dawa ili apate pumzi.

"Hata kazi ya ulinzi kule mgodini Bulyanhulu sikwenda kujaribu," akasema. "Walitaka watu wa kukimbia. Ningekimbia kwa kifua gani?"

Nilizitazama zile chale nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Ningeweza kunyamaza tena, maana nilishazoea. Lakini binti yake alikuwa amesimama hapohapo, anatuangalia. Nikasema yote: jiko, stoo, na ile siku ya tatu.

Hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo nilikuwa mzima?"

"Ulikuwa mzima."

Akarudisha ukosi wake, akamshika mtoto mkono, wakaondoka. Sikuwa na uso wa kumfuata.

Jumatatu binti alikuja amevaa raba. Nyuma yake alikuja mama yake, akaketi juu ya tofali pembeni ya uwanja, simu mkononi. Hakunisalimia.

"Shikamoo madamu," binti akasema, macho chini. "Mama amesema nikimbie, ila muda wa kupumzika atanihesabia yeye."

Wewe unayesoma, kama kuna mtu anaishi akijiona dhaifu kwa sababu ya jambo ulilolifanya kwa siri, mwendee leo. Usijidanganye kwamba amesahau. Huenda ameshawarithisha watoto wake uongo wako, nao wanauamini. Mimi nilichelewa, na msamaha sijaupata, wala sijathubutu kuuomba.

Minza bado anakuja kila siku ya mazoezi. Mimi napuliza filimbi, yeye anaangalia saa ya simu, na hatusemeshani. Mtoto anazunguka madarasa yote, na pumzi anayo.